Kaa Waliopitiliza Motoni

Jumapili ile Philomena Pardy aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Kabla hajafumbua macho alijua pumzi yake ilivyo: imekaa juu juu kifuani, haitaki kushuka. Akajiinua, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akaanza kuivuta taratibu, kidogo kidogo. Filimbi nyembamba ikalia ndani yake. Akasubiri inyamaze, akavuta tena.

Upande wa pili wa kitanda mumewe, Leander, alikuwa anakoroma. Alirudi jana jioni baada ya siku tano za kutega kaa, na mtu wa siku tano baharini haamshwi na filimbi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu ya Philomena, Mena kwa watu wa nyumbani. Msimu wa kaa ukifunguliwa mwezi wa nne, Leander yuko baharini na yeye yuko kiwandani. Msimu ukifungwa, mume anarudi nyumbani, na kifua nacho kinafunguka chenyewe, kama mlango uliovimba kwa unyevu kisha ukakauka. Miaka miwili, majira yote ya baridi, Leander alilala pembeni ya mwanamke mzima wa afya. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, na hapo kijijini Hatcher's Cove hakuna asiyelijua: pumu ya kaa. Kaa wakichemshwa kwa maelfu ndani ya ukumbi uliofungwa, mvuke wao huingia mapafuni mwa wanaowakata na kuwapanga, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja mapafu yanakataa. Walilijua jina hilo na hawakulitaja, kama watu wasivyotaja ndugu aliyefungwa jela. Anayelitaja huondolewa kiwandani siku hiyohiyo. Akiondolewa kabla hajatimiza saa zake za msimu, bima ya kumvusha majira ya baridi haipati, na majira ya baridi ya kisiwa hiki cha Newfoundland hayaishi upesi.

Mena alikuwa amebakiza wiki tatu. Wiki tatu tu za kupumua kwa hila.

Ingekuwa rahisi zaidi kama shemeji yake asingemwaibisha. Ambrose, ndugu mkubwa wa Leander, ndiye msimamizi wa zamu yao. Mwezi uliopita alimsimamisha Mena mbele ya meza nzima ya visu, mwanamke aliyekata kaa miaka ishirini na miwili, akamwambia mkono wake umekuwa mzito, akampeleka mwisho wa ukumbi kukunja maboksi. Tangu siku ile Mena hakumpa Ambrose neno zaidi ya "ndiyo" na "sawa". Na leo Ambrose alikuwa anakuja kula.

Alikuja kwa sababu mama yao, Bibi Effie, alikuwa anatimiza miaka themanini na mitano. Walipomuuliza anataka nini, hakufikiri hata kidogo.

"Miguu ya kaa," alisema. "Hapa jikoni, kwenye sufuria ya marehemu baba yenu, kwa maji ya bahari. Siyo kule bandani. Mimi si paka."

Mena alijaribu. Leander alipoamka na kushuka jikoni akitafuta chai, alimfuata hadi dirishani.

"Leander, tupike bandani."

"Gesi ya kule imeisha, mpenzi. Mtungi mkavu. Na leo Jumapili, duka limefungwa."

"Basi tusogeze mpaka kesho."

"Tumwambie Mama azaliwe kesho?" Leander alicheka, kisha akamtazama. "Umechoka kuwaona, eh? Hata mimi. Nikifumba macho nawaona wananitambaa kwenye kope. Lakini ni Mama, Mena."

"Kuwaona sijachoka," alisema Mena. Alitaka kuendelea. Maneno yalihitaji pumzi, na pumzi alikuwa anaiwekea akiba. Akaishia hapo.

Kaa walikuwa kumi na wanane, wamelala kwenye ndoo mbili kibarazani, juu yao gunia lililoloweshwa. Mena aliwatoa kumi na wawili, wengine akawaacha. Aliwafanyia kazi pale pale kibarazani, kwenye baridi, ambako hapakuwa na shida yoyote. Alimshika kaa kwa miguu ya huku na huku, akampiga kifua kwenye ukingo wa benchi, gamba likabanduka, kaa akagawanyika vipande viwili, kila kipande miguu yake na bega lake. Akakung'uta matamvua, akasuuza. Kumi na wawili waliisha kabla Leander hajapanda na ndoo ya pili ya maji ya bahari. Mikono ilikumbuka kila kitu. Mikono haikuwa na pumu, wala haikuwa mizito.

"Mkono mzito," alijisemea. "Shetani mkubwa wewe, Ambrose."

Ndani, Bibi Effie alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kubembea na taji la karatasi kichwani, anapanga karata mwenyewe. Ibada ya redioni ilikuwa imekwisha, na kama kila Jumapili, ibada ikiisha alichomoa kifaa cha sikioni akakiweka kwenye kikombe. Alisema ameshasikia ya Mungu, ya binadamu yanaweza kusubiri.

Mena akafungua dirisha lililo juu ya jiko. Upepo wa barafu ukaingia, karata mbili zikaruka.

"Funga hilo dirisha, mwanangu!" Bibi Effie alipaza sauti. "Unataka nizikwe siku niliyozaliwa?"

Akalifunga. Maji yalipotokota, alijaza kifua hewa kadiri kifua kilivyokubali, akaibana, akatumbukiza miguu yote haraka haraka, akafunika. Akasubiri maji yatokote upya, kwa maana dakika za kaa hazihesabiwi tangu anapoingia. Zinahesabiwa tangu maji yanaporudi kuchemka. Kila mtoto wa pwani ile analijua hilo. Akazungusha saa ya jikoni, yenye umbo la kuku mdogo wa plastiki wa njano, kwenye dakika kumi na tano. Kifuniko kilikuwa kimeanza kurukaruka, na chini yake mvuke ulikuwa unatoka, mtamu, mzito, unanukia bahari na kitu kingine ambacho mwili wake sasa ulikijua kama mtu anavyoijua hatua ya adui.

Ambrose alikuwa amefika, na kabla hajaingia ndani yeye na Leander walikuwa wameteremka gatini kutazama winchi ya mashua. Mena akatoka kibarazani, akafunga mlango nyuma yake, akaketi juu ya kreti lililopinduliwa.

Hapo ndipo pumzi ilipokatika.

Haikukatika yote. Ilibaki upenyo kama tundu la sindano, na kupitia tundu hilo alilazimika kuishi. Akatia mkono mfukoni kutafuta inhela, kile kidude cha kuvutia dawa ya pumu, na mkono ulipokutana na mfuko mtupu akakumbuka: ilikuwa kiwandani, kwenye koti jeupe, ndani ya glavu kuukuu, alikoificha ili Ambrose asiione. Akainama, viwiko kwenye mapaja. Mbele yake ghuba ilikuwa imetapakaa mabamba ya barafu yanayogongana polepole, na aliamua kuvuta pumzi moja kwa kila bamba linalopita pembe ya gati. Moja. Jingine. Mabamba mengine yalichelewa sana.

Nyuma ya mlango kuku wa plastiki alilia.

Alimsikia. Aliinuka, akashika kitasa, akafungua kidogo, na mvuke ukampiga kifuani kama kiganja cha mtu anayemkataza kuingia. Akarudi kwenye kreti. Kuku akanyamaza. Ndani, Bibi Effie, asiyesikia kitu, alikuwa anashinda mchezo wa karata dhidi ya nafsi yake. Mena alinyanyuka tena baadaye, hakufika hata mlangoni. Alifikiri: wanaungua katika maji, wale kaa. Alifikiri hivyo kwa mbali, kama mtu anayefikiria shida ya jirani.

Aliposikia buti za wanaume zikipanda njia ya mawe, tundu la sindano lilikuwa limepanuka kidogo. Akajifuta uso, akabana pumzi, akaingia, akazima jiko. Kwa saa ya ukutani, zilikuwa zimepita dakika arobaini.

Alisimama akitazama sufuria. Kuwamwaga hakuweza, sherehe ilikuwa imefika mlangoni inavua buti. Akawamimina kwenye karai, akatandaza magazeti ya zamani mezani, akapanga mikasi, siagi iliyoyeyushwa kwenye visosa, siki, mkate aliooka jana, na saladi ya viazi iliyogeuzwa nyekundu kwa bitiruti. Karai akaliweka katikati. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Yeye akachukua kiti cha mwisho, karibu na mlango.

"Heri ya kuzaliwa, Mama," alisema Ambrose. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mifuko ya uchovu chini ya macho. Akageuka kwa Mena kwa uangalifu. "Mambo, shemeji."

"Sawa," alisema Mena.

Leander alimrudishia mama yake kifaa sikioni, akasema sala fupi sana, na mikono ikaingia karaini.

Mguu wa kaa uliopikwa vizuri hauhitaji nguvu. Unaukunja kwenye kiungo, unasikia tak, unavuta, na mnofu unatoka mzima kama kidole kikitoka kwenye glavu. Bibi Effie akakunja, akasikia tak, akavuta. Ukatoka ukano mmoja mweupe na uzi wa nyama. Uliosalia ulikuwa umegandia ndani ya gamba. Akauweka chini, akachukua mwingine. Tak. Uzi. Akachukua wa tatu, safari hii akaukata kwa mkasi toka juu hadi chini, akakwangua kwa ukucha, akatafuna alichokipata kwa muda mrefu.

"Nani kapika hawa?" aliuliza.

"Mimi, Mama," alisema Mena.

"Siyo wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Philomena. Nimekula kaa wako miaka ishirini na sita. Siku ya uchungu wa kumzaa binti yako Corinne uliwapika umesimama, unahesabu uchungu kwa mkono huu na dakika za kaa kwa mkono huu, na mnofu ulitoka mzima. Hawa ni kamba za viatu."

Leander akacheka. "Aliwasahau, Mama. Watu huchoka. Wewe kula, kuna siagi."

"Mtu wa meza ya visu hasahau kaa," alisema Bibi Effie. "Atamsahau mume kwanza."

"Hata hilo limeshatokea," alisema Leander, akamkonyeza mkewe.

Mena alijaribu kutabasamu. Ambrose hakucheka. Alikuwa ameuweka mguu wake chini, anatazama dirisha lililofungwa na maji yanayotiririka kwenye kioo. Kisha akayatazama mabega ya Mena, jinsi yalivyopanda na kushuka kwa pumzi ambayo mtu wa kawaida huvuta bila kuhusisha mabega.

"Shemeji," alisema taratibu. "Inhela yako iko wapi?"

"Kwenye koti, kiwandani," alijibu Mena. Alikuwa amechoka mno. Jibu lilitoka kabla ya uongo kuamka.

Mficha maradhi, walisema wa kale, kilio humfichua. Mena alifichuliwa na sufuria.

"Inhela gani?" Leander aliuliza. Akamtazama mkewe, akamtazama ndugu yake. "Inhela ya nani?"

Mena alikuwa amemkazia macho Ambrose.

"Ulijua?"

"Tangu Pasaka. Unadhani nilikutoa kwenye visu kwa nini?"

"Ulisema mkono wangu mzito. Mbele ya watu wote, Ambrose."

"Ningesema nini? Kwamba kifua chako ndicho kizito?" Alijipangusa uso kwa kiganja chenye siagi, hakujali. "Nikilisema hilo, lazima niliandike. Nikiliandika, unarudi nyumbani siku ileile. Kule mwisho wa ukumbi mvuke haufiki sana. Nikasema potelea mbali, anichukie, lakini atimize wiki zake. Nazihesabu, shemeji, kama unavyozihesabu wewe. Zimebaki tatu."

"Na mimi?" Leander alikuwa amesimama. Kicheko kilikuwa kimemwacha uso mtupu. "Nyote mnahesabu. Mimi nilikuwa wapi?"

"Baharini," alisema Bibi Effie. "Unawaleta."

Leander akaketi. Akalitazama karai lililojaa miguu aliyoitega mwenyewe, kwa mikono yake, siku tano kwenye upepo.

"Usimuonee, Mama," alisema Mena.

"Simuonei. Najilaumu mwenyewe." Taji la karatasi lilikuwa limemtelemkia sikioni, hakulirekebisha. "Kitanda changu kimepakana na ukuta wako. Kila usiku nasikia kitu kinapiga mluzi, kabla sijavua hiki kidude. Nikasema ni upepo unapenya dirishani. Nikamwambia Leander akazibe dirisha."

"Nimeliziba mara mbili," alisema Leander kwa sauti ndogo.

Mvuke ulikuwa bado unapanda kutoka karaini, na ni Ambrose aliyenyanyuka, akalibeba lote nje, akarudi akafungua dirisha wazi kabisa. Safari hii Bibi Effie hakupiga kelele. Alijifunga shali.

"Sikiliza," Ambrose alisema, amesimama pale dirishani. "Wiki tatu. Nitakuweka stoo ya maboksi, mlango ufungwe, hata ukumbini usikanyage. Tukinyamaza sisi wanne, hakuna atakayejua. Msimu ukiisha, unaenda kwa daktari kwa raha zako."

Ilikuwa ahadi nzuri. Mena aliisikia ikimwingia mwilini kama joto la blanketi. Wiki tatu amekaa juu ya maboksi makavu. Ilitosha aitikie kwa kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kinataka kuanguka.

Lakini alimkumbuka Bride Tobin. Bride alisimama mkabala naye kwenye meza ya visu miaka tisa, wakigawana pipi na umbea. Ijumaa, wakati wa chai, Bride alikohoa mpaka akashika ukuta, kisha akafuta machozi akasema, "Mafua haya, Mena, hayaniachi." Na Mena, aliyeijua filimbi ile kuliko alivyoujua wimbo wowote wa kanisani, alimpigapiga mgongoni. "Ndiyo," alimwambia. "Mafua mwaka huu ni mabaya."

"Wangapi wanakohoa, Ambrose?" aliuliza.

"Wengi."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Wiki zangu ulihesabu."

Nje, mashakwe walikuwa wameshalikuta karai, wanagombana.

"Kesho andika jina langu," Mena alisema. Alisema polepole, kwa vipande, kwa sababu pumzi ilitoka kwa vipande. "Andika ni nini, na andika imetoka wapi. Uandike na kwamba ulijua. Mtu lazima awe wa kwanza. Kama mimi natolewa kimya kimya, na Bride kimya kimya, na anayekuja nyuma yake, basi feni la kuutoa mvuke ukumbini watasema halina haja, hawatalinunua mpaka tumalizike."

"Nikiandika kwamba nilijua, watanitoa na mimi."

"Huenda."

"Na majira ya baridi, Mena?" Leander aliuliza. Hakuuliza kwa kubishana. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua atasimama wapi.

"Sijui," alisema. "Kuna fidia ya waliougulia kazini, labda wataikubali, labda tutaipigania mpaka theluji iyeyuke. Sijui, Leander. Najua tu kwamba siwezi kujificha na kupumua kwa wakati mmoja. Nimechoka."

Bibi Effie akalivua taji, akalikunja, akaliweka chini ya kisosa.

"Kaa sita bado wako kwenye ndoo?" aliuliza.

"Wako, Mama."

"Basi ninyi wawili mna mikono. Ufukweni kuna kuni tele na bahari yenyewe iko pale pale. Mkapike. Na mkirudi, mrudi nao baridi. Sitaki kuona mvuke unapita mlango huu."

Wanaume wakatoka na sufuria ya marehemu baba yao katikati yao, kila mmoja na mshikio wake. Kutoka dirishani Mena aliwaona chini kwenye mawe, migongo miwili mipana imeinamia moto usiotaka kuwaka, wakisukumana mabega. Aliegemeza kidevu kwenye kiganja. Hewa ya barafu ilimjia usoni, kali, safi. Hakunyanyuka kuondoa magazeti. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa rahisi kutonyanyuka.

Walirudi baada ya muda mrefu, nyusi zimejaa majivu, na miguu ya kaa ndani ya ndoo ya maji ya bahari, baridi kama jiwe. Bibi Effie akavuta ndoo. Akakunja, tak, akavuta, na mnofu ukatoka mzima, mweupe wenye wekundu pembeni. Hakuuweka mdomoni. Akauweka kwenye sahani ya Mena. Akakunja mwingine, akauweka hapo.

"Mama, ni siku yako."

"Ndiyo siku yangu, nafanya ninachotaka. Kula."

Kuwala hakukuwa na dhara kwake. Dhara lilikuwa mvuke. Mena akala. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewakata, amewapanga, amewamenyea wengine, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu kummenyea yeye.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne," alisema Leander.

"Kumi na tano," alisema Ambrose. "Mimi ndiye niliyeshika saa."

"Ulikuwa unapuliza moto, saa ungeishika kwa meno?"

"Waache," alisema Bibi Effie. "Wamepatia, kwa kubahatisha."

Ambrose alipovaa buti zake mlangoni, alisita, akiwa ameshika kofia.

"Kesho saa moja njoo ofisini, shemeji. Usipite ukumbini. Zunguka kwa nje. Nitakuwa na karatasi." Akavaa kofia. "Na kalamu."

"Nitachelewa kidogo," alisema Mena. "Nitapitia kwa Bride kwanza."